Buli la kioo: lipi linaifaa chai unayokunywa wewe?

Mabuli ya kioo yamejaa madukani siku hizi, kuanzia Kariakoo hadi kwa wauzaji wa mtandaoni, na karibu yote hupigwa picha kwa namna ileile: chai nyekundu inang'aa ndani, kipande cha limau kinaelea, mvuke kidogo unapanda. Kwenye picha yote ni mazuri. Tofauti huonekana yakishafika nyumbani. Moja linachuja vizuri, lingine linakujazia vumbi la majani kikombeni. Moja linavumilia maji yaliyotoka kuchemka, lingine linapata ufa kabla hujalizoea. Nitayalinganisha kwa mambo yanayoleta tofauti hiyo, na msimamo wangu nautoa mapema: angalia chujio kwanza, aina ya kioo pili, umbo mwisho. Wanunuzi wengi wanaanza na umbo.

Je, unahitaji kioo kweli?

Kama chai ya nyumbani kwako ni ya maziwa, inayochemshwa sufuriani pamoja na tangawizi na iliki, jibu langu ni hapana. Chai hiyo ikishachujwa inataka chupa ya chai itakayoitunza moto hadi wageni wa mwisho wafike. Ukiitia kwenye buli la kioo itapoa upesi, maziwa yataacha utando ukutani, na hakuna cha kutazama maana rangi yake unaijua.

Kioo kinaanza kuwa na maana kwenye chai ya rangi, chai ya kijani, mchaichai, choya, mdalasini, na mchanganyiko wowote ambao unataka kuona umekolea kiasi gani kabla ya kumimina. Hapo kinashinda buli la kauri kwa jambo moja la wazi: huhitaji kukisia. Kauri inalishinda kwa kutunza joto, hasa ikiwa nene na imepashwa kwanza. Kioo chembamba hakiyapunguzii maji joto jingi mwanzoni, kwa kuwa ni chepesi, lakini baada ya hapo joto linatoka haraka.

Jambo jingine ni ladha. Kioo hakinywi chai. Leo umeweka karafuu, kesho unaweka chai ya kijani, na ukiosha vizuri hutasikia karafuu. Mabuli ya udongo usiopakwa rangi, kama yale maarufu ya Yixing nchini China, yana tabia ya kinyume: hushika harufu, na wenye kuyapenda hutenga buli moja kwa aina moja ya chai. Kwa mwenye buli moja tu nyumbani, hiyo ni anasa isiyowezekana.

Na kuna chai moja ambayo bila kioo haina maana kabisa: ile ya Kichina inayofungwa kwa uzi ikawa kama kitufe, majani kwa nje na maua makavu ndani, mara nyingi yasmini. Ukiimwagia maji moto hufunguka taratibu kama ua. Ukiifungulia ndani ya buli la kauri umetupa nusu ya pesa yako.

Kioo cha aina gani

Mabuli mengi hutengenezwa kwa mojawapo ya vioo viwili. Kimoja ni cha kawaida, cha mchanga, soda na chokaa, ndugu wa kioo cha dirisha na cha chupa ya soda. Kingine ni borosilikati, ambacho huongezwa boroni. Mkemia Mjerumani Otto Schott alikitengeneza miaka ya 1880 mjini Jena, na kikajulikana kwanza kwenye vipimajoto, taa na vyombo vya maabara kabla ya kuingia jikoni.

Tofauti yao iko kwenye kutanuka. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda, borosilikati hutanuka sehemu 3.3 katika milioni. Kioo cha kawaida hutanuka sehemu 9 hivi. Chukua buli lenye upana wa sentimita 10, likiwa na joto la chumba la nyuzi 28, ulimwagie maji ya nyuzi 98. Cha kawaida kinataka kutanuka kama milimita 0.06, borosilikati 0.02 tu. Vipimo hivyo huwezi kuviona kwa macho, lakini kioo hakina unyumbufu wa kuvimeza. Upande wa ndani umeshapata moto unasukuma, wa nje bado wa baridi unakataa, na pale penye mkwaruzo ndipo ufa unapoanzia.

Ndiyo maana dhana ya kwamba kioo kinene ni imara zaidi haisaidii hapa. Unene unasaidia kikigongwa. Kikimwagiwa maji moto, ukuta mnene huchelewesha joto kufika nje, na mvutano unazidi.

Kuna pia kioo cha kawaida kilichokazwa kwa joto kiwandani. Hiki kinavumilia kugongwa kuliko vyote, na kikivunjika humeguka punje ndogondogo badala ya vipande virefu vyenye makali. Kwa buli si kibaya, mradi ulipashe kabla ya kutia maji ya moto. Usidanganywe na jina la kampuni pekee, hata likiwa kubwa. Pyrex ilipoanza mwaka 1915 chini ya Corning ya Marekani ilikuwa borosilikati. Vyombo vya jina hilo vinavyouzwa Marekani leo ni vya kioo cha kawaida kilichokazwa, wakati vya Ulaya vimeendelea kuwa vya borosilikati.

Utakijuaje? Kwenye boksi tafuta neno borosilikati au namba 3.3. Vyombo vya Kijapani vina faida zaidi, kwa sababu huandikwa vinahimili tofauti ya joto kiasi gani. Mabuli mengi ya Hario, kampuni ya Tokyo iliyoanza mwaka 1921, huandikwa nyuzi 120. Maana yake hata ukilitoa kwenye friji ya nyuzi 5 ukalimwagia maji ya nyuzi 98, bado hujavuka mpaka. (Mimi nisingejaribu kila siku.)

Kama halina boksi, litazame ukingoni, penye mdomo wa juu, kwa pembeni. Kioo cha kawaida mara nyingi huonyesha ukijani; borosilikati huwa nyeupe. Linyanyue pia: borosilikati ya buli huwa nyembamba na nyepesi kiasi cha kukushangaza. Mshono mnene unaoshuka ubavuni kutoka juu hadi chini ni dalili ya kioo kilichoshindiliwa kwenye kalibu, na hicho kwa kawaida ni cha bei nafuu. Hizi ni dalili tu, lakini ukijani, uzito na mshono vikija pamoja, muuzaji atakuwa na kazi ya kukushawishi.

Chujio, mahali ambapo pesa hupotea

Sehemu kubwa ya majani ya chai tunayonunua Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mfumo wa CTC: mashine huponda jani, hulirarua na kuliviringisha. William McKercher aliianzisha njia hiyo huko Assam, India, mwaka 1930. Kinachotoka ni punje ndogo kama chenga, na zile za daraja la chini ni karibu vumbi. Chai yake hukolea dakika mbili tatu, na ndiyo iliyoifanya chai ya Kenya ifae sana kwenye vifuko.

Mabuli mengi ya kioo, kwa upande wao, yalibuniwa na watu wanaokunywa majani mazima. Mfano mzuri ni buli la Wilhelm Wagenfeld, mhitimu wa Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani, alilolibuni mwaka 1931 kwa ajili ya kiwanda cha Schott cha Jena. Ni la kioo chembamba, umbo lake ni pana, halina pambo hata moja, na lipo kwenye makusanyo ya Museum of Modern Art ya New York. Chujio lake nalo ni la kioo. Kwa majani mazima linapendeza, lakini kioo hakiwezi kutobolewa matundu madogo kama ya wavu, na chenga za CTC zitapita humo bila hata kuomba njia. Ukiona buli la kisasa lililoiga mtindo huo, kapu la kioo lenye mipasuo katikati, jua limerithi uzuri na udhaifu vyote viwili.

Hivi ndivyo ninavyoyapanga machujio manne unayoweza kukutana nayo:

| Chujio | Majani mazima | Punje za CTC | Mchaichai, choya, viungo | Usafi |
|---|---|---|---|---|
| Kapu la kioo lenye mipasuo | Vizuri | Zinapita | Vizuri | Rahisi, ila hulegea au huvunjika |
| Kapu la wavu wa chuma | Vizuri likiwa pana | Vizuri wavu ukiwa laini | Vizuri | Wavu hushika rangi |
| Springi ya waya mdomoni | Vizuri sana | Huziba au hupita | Vizuri vipande vikiwa vikubwa | Springi hutoka, ni rahisi |
| Chujio la kubonyeza | Vizuri | Wastani | Wastani | Vipande vingi vya kuosha |

Kapu la wavu wa chuma kisichoshika kutu ndilo ningemshauri mtu asiye na hakika. Lakini litazame ndani. Linapaswa kuwa pana, ili majani yapate nafasi ya kufunguka, na lishuke hadi karibu na kitako. Mengi ya bei nafuu yana kapu fupi linaloning'inia juu: ukitengeneza vikombe viwili kwenye buli la vikombe vitano, maji hayafiki kwenye majani kabisa. Hili halionekani kwenye picha kwa sababu buli la picha hujazwa hadi shingoni. Hakikisha pia kifuniko kinafunga kapu likiwa limetolewa, maana utalitoa. Majani yakibaki ndani ya maji, kikombe cha pili kinakuwa kichungu.

Springi ya mdomoni ina mashabiki wake na nawaelewa. Majani yanaelea huru buli zima, na kwa chai ya kijani ya majani makubwa hakuna kinachopendeza zaidi. Kasoro ni kwamba huwezi kuyatoa majani. Buli hilo linakutaka umimine lote mara moja, kisha uongeze maji upya. Kwa hiyo chagua dogo, la mililita 400 hadi 600. Buli la lita moja lenye springi ni kosa la ubunifu, hata lipendeze vipi.

Chujio la kubonyeza linajulikana zaidi kupitia Bodum, kampuni iliyoanzia Copenhagen mwaka 1944. Kwenye buli lao la Assam, sehemu ya chini ya chujio haina matundu. Ukibonyeza, majani yanasukumwa humo na maji hayayafikii tena, hivyo chai inaacha kukolea bila wewe kuchafua sahani kwa kapu linalodondosha. Ni wazo zuri. Lina vipande vingi tu, na kimoja kikipotea unabaki na jagi.

Ukuta mmoja, kuta mbili, na suala la moto

Buli lenye kuta mbili lina hewa katikati. Linatunza joto zaidi na halichomi mkono ukiligusa ubavuni. Ni zito, ni ghali zaidi, na halipaswi kuwekwa kwenye moto wa aina yoyote. Mengine yana kitundu kidogo kitakoni kilichozibwa kwa silikoni, cha kupumulia hewa ikitanuka. Ukiliroweka kwenye beseni maji yanaweza kuingia kati ya kuta, na utabaki na ukungu ambao kitambaa hakiufikii. Kwa mtu anayekunywa polepole peke yake akiwa kazini, linafaa. Nyumbani penye watu wanne, buli la ukuta mmoja litaisha kabla halijapoa.

Kuhusu moto, usikisie. Kuna mabuli ya borosilikati yaliyoandikwa kabisa kwamba yanaweza kukaa jikoni, na mengine mengi hayaruhusiwi, ingawa kioo ni cha aina ileile. Unene wa kitako na namna kilivyounganishwa hutofautiana. Hata yale yanayoruhusiwa yanataka moto mdogo usiozidi kitako, na kwenye jiko la gesi ni bora uweke wavu wa chuma au bamba la kusambaza joto chini yake. Jiko la mkaa liache: kaa moja linawaka kuliko jingine, na kitako kinapata moto upande mmoja. Majiko ya umeme yanayofanya kazi kwa sumaku hayatapasha kioo hata kidogo, kwa kuwa hayaoni chuma. Kwenye maikrowevu toa chujio na kila kipande cha chuma kwanza.

Sababu ya kweli ya kutaka buli la jikoni ni tangawizi. Tangawizi na vijiti vya mdalasini havitoi ladha yote kwa kumwagiwa maji tu. Vinataka kuchemka dakika kadhaa. Kama hizo ndizo chai zako, ama nunua buli lililoandikwa la jikoni, ama endelea kuchemsha sufuriani umimine kwenye buli lolote. Njia ya pili ni nafuu na haina presha.

Kuhusu umbo nitasema machache. Ncha ya mdomo iwe sawa au juu ya kiwango cha chai buli likijaa, la sivyo litamwaga kabla hujainamisha. Kifuniko kishike buli likiinama. Kishikio kipishe vidole vitatu bila vifundo kugusa ukuta wa moto. Na ujazo unaotajwa mara nyingi ni wa kujaza hadi ukingoni, kwa hiyo buli la mililita 600 linakupa vikombe viwili vya kushiba au vitatu vya adabu. Muuzaji akikuruhusu, tia maji umimine palepale: mdomo unaodondosha kwa maji baridi utadondosha na kwa chai.

Kwenye matumizi

Lipashe. Maji ya uvuguvugu kwanza, uzungushe, umwage, kisha ya moto. Hata kwa borosilikati hii inasaidia chai isipoe, na kwa kioo cha kawaida ndiyo inayokuokoa. Liweke juu ya kitambaa kikavu au ubao. Marumaru yenye maji na meza ya jiwe ni hatari kuliko maji ya moto yenyewe, kwa sababu zinapoza kitako ghafla wakati sehemu nyingine ina moto.

Majani gramu 2 hadi 3 kwa kila mililita 200 ni pa kuanzia. Chai nyeusi maji yaliyotoka kuchemka. Chai ya kijani yaache yapoe hadi nyuzi 75 au 80, la sivyo utapata uchungu na lawama zitaliangukia buli. Choya ipe dakika tano hadi kumi.

Choya ndiyo inayolipa gharama ya kioo. Wekundu wake hutegemea uchachu: limau huuwasha zaidi, bekingi soda kidogo huugeuza zambarau na hata kijani kibichi cha ajabu (usiinywe hiyo, waonyeshe watoto). Rangi za jamii hiyohiyo zimo kwenye chai ya zambarau ya Kenya, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai ya nchi hiyo. Ukiipata ya majani mazima, ikamulie ndimu ndani ya buli la kioo, uangalie rangi inavyogeukia waridi.

Wale wa Unguja na wa pwani kwa jumla, mnaotumia maji ya kisima kwenye ardhi ya matumbawe, mtaona kitu wengine hawakioni: utando unaong'aa juu ya chai ya rangi. Si uchafu wa buli. Ni chokaa ya maji iliyokutana na chai, na matone machache ya limau huuondoa.

Usafi na maisha marefu

Lisuuze mara tu chai inapokwisha. Madoa ya chai hayana nguvu yakiwa mabichi. Yakikauka pamoja na chokaa ya maji ndipo yanapokuwa gamba la kahawia. Gamba likishatokea, tia kijiko cha bekingi soda na maji ya moto, uache nusu saa, usugue kwa sifongo laini. Ukungu mweupe wa chokaa hautoki kwa soda. Unatoka kwa siki au maji ya limau. Usichanganye viwili hivyo ukidhani nguvu itaongezeka, vinauana.

Mdomo mwembamba usioingilika kwa kidole, tia punje za mchele mbichi na maji kidogo ya sabuni, utikise. Waya wa kusugulia sufuria na mchanga visiguse kioo kabisa, wala usikoroge sukari ndani ya buli kwa kijiko cha chuma. Mikwaruzo usiyoiona ndiyo milango ya ufa niliyoitaja. Chujio la wavu lililokuwa jeusi lilowekwe kwenye soda hiyohiyo, kisha lisuguliwe kwa mswaki wa zamani.

Kifuniko huvunjika kabla ya buli, mara nyingi kwa kuanguka wakati wa kumimina, kwa hiyo kabla ya kununua uliza kama kinauzwa peke yake. Kila baada ya muda pitisha ukucha kwenye ncha ya mdomo na mahali kishikio kinapoungana na buli. Ukikwama, kuna kipande kimemeguka au ufa umeanza. Buli la namna hiyo lisipewe tena maji ya moto, hata kama halivuji, kwa kuwa litaachia likiwa limejaa na liko mkononi. Chujio lake la wavu libakize: linakaa vizuri kwenye kikombe kikubwa, na kwa chai ya mtu mmoja huhitaji zaidi ya hapo.